Njia ya damu kutoka pafuni mpaka moyoni

Baba yangu mdogo alikohoa karibu miaka miwili. Si kikohozi cha vumbi la kiangazi, kile tunachokijua wote hapa kambini. Kilikuwa kikohozi cha usiku, cha mtu kukaa kitandani na kushika magoti. Alipimwa makohozi, majibu yakasema hakuna vijidudu. Lakini picha ya kifua ilionyesha doa, basi akaanzishwa dawa za kifua kikuu. Alimeza miezi sita bila kukosa hata siku moja, mke wake ni shahidi. Badala ya kunenepa alipungua. Akaanzishwa tena mara ya pili. Mahali ambapo watu mia wanapanga foleni tangu alfajiri, kikohozi kirefu kina jina moja tu.

Halafu asubuhi moja, akiwa anafunga kamba za viatu, mkono wa kulia ukakataa. Mdomo ukaenda upande. Maneno yakawa yanatoka kama ya mtu aliyejaza maji mdomoni. Saa sita mchana mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari, na jioni mtaa mzima ulikuwa umeshapata jibu: amerushiwa. Ugonjwa wa kifua ukibaki kifuani ni wa Mungu, walisema, lakini ugonjwa unaoruka kutoka kifuani kwenda kichwani, huo umetumwa na mtu. Na huyo mtu alipatikana haraka. Ni mjane mmoja mzee wa mstari wa nyumba ulio nyuma yetu. Mimi namwita Koko, kama tunavyowaita wazee wetu kule kwetu upande wa Fizi. Alikuwa amewahi kugombana na baba mdogo juu ya mfereji wa maji ya mvua. Hiyo ndiyo ilikuwa kesi yote.

Kazi yangu ni ya vijana: mpira, maigizo, mazungumzo ya Jumamosi chini ya turubai. Wale walionijia ile jioni wakiwa na fimbo hawakuwa watu wa mbali, walikuwa vijana wangu mwenyewe. Niliwazuia, na sikuwazuia kwa hekima. Niliwaambia wakimgusa yule mzee timu haiendi kwenye mashindano. Ni aibu kuandika hivyo, lakini ndilo neno lililowarudisha nyumbani.

Wiki tatu baadaye rufaa ikatoka, nikamsindikiza baba mdogo hospitali ya mbali. Daktari alimpaka mafuta ya baridi kifuani, akapitisha kile chombo kidogo cha ultrasaundi, akageuza kioo ili na mimi nione. Ndani ya chumba cha juu cha kushoto cha moyo kulikuwa na kitu kama wingu zito, kinachezacheza kila moyo unapopiga, kama samaki aliyenaswa kwenye wavu. Daktari akasema hicho kitu si cha moyo. Ni uvimbe wa saratani uliozaliwa pafuni, ukaingia ndani ya mshipa unaorudisha damu moyoni, ukatambaa humohumo mpaka ukatokea ndani ya moyo. Kipande kikakatika, damu ikakibeba mpaka kwenye ubongo. Alisema ni jambo la nadra. Tangu aanze kazi alikuwa ameona wagonjwa wawili tu wa namna hiyo.

Niliporudi nikawakusanya wale vijana, nikawaeleza kama nilivyoelezwa. Mmoja akanyoosha mkono. "Sawa, yaya. Lakini ugonjwa unatembea namna gani? Una miguu?"

Wengine wakacheka, mimi sikucheka. Nilisoma sekondari sehemu ya biokemia, mchoro wa moyo wenye rangi mbili nilikuwa nimeukariri kwa mtihani, mshale huku mshale kule. Sikuwahi kujiuliza nani aliiona hiyo mishale mara ya kwanza. Basi kwa miezi kadhaa, kila siku umeme wa sola uliporuhusu kompyuta za kituo chetu kuwaka, nilikuwa nasoma historia ya njia hiyo moja tu, ya kutoka pafuni mpaka moyoni. Nilichokuta ni kwamba swali la yule kijana liliwasumbua watu kwa zaidi ya miaka elfu, na wakubwa wa dunia walijibu vibaya kwa muda mrefu sana.

Aliyejibu vibaya kwa sauti kubwa kuliko wote ni Galen. Alizaliwa Pergamon, sehemu ambayo leo ni Uturuki, akaishi karne ya 2. Alitibu watu waliokuwa wanapigana viwanjani ili wengine wafurahi, akapasua nyani na nguruwe, akaandika vitabu vingi mno. Alijua mengi kweli, simdharau. Lakini alisema damu inapita kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia matundu madogo yasiyoonekana, katika ukuta wa katikati. Ule mshipa unaotoka pafuni kuja upande wa kushoto, yeye aliuhesabu zaidi kama njia ya hewa. Ukimfuata Galen, uvimbe wa pafu hauna mto wa damu wa kuufikisha moyoni. Njia haipo. Na alifuatwa kwa zaidi ya miaka 1,000, kutoka Roma mpaka Baghdad.

Mtu wa kwanza tunayemjua aliyekataa kwa maandishi aliitwa Ibn al-Nafis. Alizaliwa upande wa Damascus mwaka 1213, akaenda kufanya kazi Cairo. Mwaka 1242, akiwa bado hajafika miaka 30, aliandika maelezo juu ya kitabu cha tiba cha Ibn Sina, ambacho katika jambo hili kilimfuata Galen. Hakuzunguka. Alisema ule ukuta wa katikati ni mzito, hauna tundu linaloonekana wala lisiloonekana. Kwa hiyo damu haina namna nyingine: lazima itoke upande wa kulia, iende pafuni, ikutane na hewa, kisha irudi upande wa kushoto kwa ule mshipa. Kijana wa umri wangu anawaambia wazee waliokufa zamani, wenye majina yanayoogopwa, kwamba tundu lao halipo. Mimi hata katibu wa mtaa naogopa kumwambia amekosea hesabu ya sabuni.

Kitabu chake hakikufika kila mahali. Nakala zilikaa kwenye makabati ya maktaba mpaka mwaka 1924, pale daktari mmoja Mmisri aliyekuwa anasoma Ujerumani, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipofungua maandishi ya mkono mjini Berlin na kukuta habari hizo. Karibu miaka 700 imepita. Wakati huo Ulaya walikuwa wameshaigundua njia ileile kwa jasho lao wenyewe, na mmoja wao kwa moto.

Huyo wa moto ni Michael Servetus, Mhispania. Hapa naomba msomaji wa kambini anisikilize vizuri, maana huyu ni mtu wa jamii yetu. Alikuwa amebadilisha jina, anaishi Ufaransa kama daktari, na mwaka 1553 akachapisha kwa siri kitabu cha mambo ya dini. Katikati ya hayo mambo ya dini kuna kurasa chache zinazoeleza kwamba damu inapita katika mapafu kabla ya kufika upande wa kushoto wa moyo. Walimkamata kwa sababu ya mafundisho ya dini, siyo kwa sababu ya damu. Akatoroka gerezani. Alikuwa njiani kukimbia alipopita Geneva, akatambuliwa, akashikwa tena, na tarehe 27 Oktoba 1553 akachomwa moto akiwa hai. Vitabu vyake vikachomwa pia. Zimebaki nakala 3 duniani. Mtu aliyejua njia ya damu alikosa njia ya kupita mji mmoja tu.

Miaka 6 baadaye, 1559, kikatoka kitabu cha Realdo Colombo wa Italia. Huyu alifanya jambo ambalo wale wengine hawakuonyesha: alifungua kifua cha mbwa walio hai, akakata ule mshipa unaotoka pafuni, akaangalia kuna nini ndani. Kama Galen ana haki, ingetoka hewa. Ilitoka damu. Kazi hiyo ni ya ukatili, sitaipamba, lakini ilimaliza ubishi. Na hapa ndipo niliposimama na kusoma mara mbili, kwa sababu Colombo huyohuyo anatajwa katika historia ya tiba kuwa mtu wa kwanza kuandika kwamba amekuta uvimbe ndani ya moyo wa maiti. Inawezekana haukuwa saratani, labda ilikuwa damu iliyoganda tu, mtu wa wakati ule bila hadubini angetofautisha vipi? Hata hivyo mimi napenda kwamba mambo haya mawili yako katika kitabu kimoja: mshipa uliojaa damu kutoka pafuni, na kitu kigumu ndani ya moyo. Yeye hakuyaunganisha. Aliyaweka mezani, yakakaa.

Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey akaonyesha kwamba damu yote inazunguka, moyo ni pampu. Alibaki na pengo moja: damu inavukaje ndani ya pafu, kutoka mishipa ya kwenda mpaka mishipa ya kurudi? Alikufa 1657 bila kuona. Mwaka 1661 Marcello Malpighi akaweka pafu la chura chini ya hadubini, akaona mishipa myembamba mno inayounganisha pande zote mbili. Basi njia ikawa kamili. Damu inatoka moyoni upande wa kulia, inaingia mapafuni, inasambaa katika vimishipa hivyo, inakusanywa tena, na inarudi kwa mishipa minne, miwili kila upande, mpaka chumba cha juu cha kushoto. Kwa mtu mzima aliyekaa tu bila kazi ni kama lita 5 kila dakika, yaani madumu 15 ya lita 20 kwa saa moja. Hakuna bomba la kambi yetu linalofikia hapo.

Sasa, kuijua barabara siyo kumjua msafiri. Kwa miaka mingine 150 saratani ya pafu yenyewe ilikuwa imefichwa, na ilikuwa imefichwa palepale ilipokuwa imefichwa kwa baba mdogo: chini ya jina la kifua kikuu. Mfaransa Gaspard Laurent Bayle alipasua maiti nyingi za watu waliokufa wakikohoa na kukonda. Mwaka 1810 akatoa kitabu akiigawa hiyo kohozi ya kukondesha katika aina 6, na mojawapo akaiita ya saratani. Kwake bado ilikuwa ni aina ya kifua kikuu. Rafiki yake Laennec, yuleyule aliyetengeneza chombo cha kusikilizia kifua mwaka 1816, ndiye aliyesema hapana, hiyo si kifua kikuu hata kidogo, ni kitu kingine kinachoota ndani ya pafu. Wote wawili, Bayle na Laennec, walikufa kwa kifua kikuu hasa. Walikuwa wanapasua maiti za ugonjwa uliokuwa unawala wenyewe.

Nilisoma habari za Bayle usiku, nikafunga kompyuta nikakaa gizani. Nilikuwa na hasira na watu waliompa baba mdogo dawa za miezi 12 za ugonjwa ambao huenda hakuwa nao. Hasira haijaisha yote. Lakini nilielewa kwamba kosa hilo lina umri wa miaka 200, na kwamba hata wale waliolirekebisha walilirekebisha kwenye meza ya maiti, siyo kitandani kwa mgonjwa. Niseme pia wazi, maana najua kuna mtu atasoma hapa kisha aache dawa zake: kikohozi kirefu hapa kwetu mara nyingi ni kifua kikuu kweli, na kinapona. Baba mdogo alikuwa wa nadra. Shida ni pale dawa zinapomalizika, mtu hajapona, na hakuna anayeuliza swali la pili.

Turudi kwa msafiri. Mwaka 1829 Mfaransa mwingine, Récamier, aliandika kitabu juu ya saratani akatumia neno metastasisi kwa maana tunayoitumia leo, yaani saratani kuhama kutoka mahali ilipozaliwa. Pia alieleza kwamba saratani inaweza kuvunja ukuta wa mshipa wa damu na kuingia ndani. Hilo ndilo jibu la kijana wangu, kwa kweli. Haina miguu. Inaingia mtoni.

Lakini kama inaingia mtoni, mbona haioti kila mahali mto unapopita? Mwaka 1889 daktari Mwingereza Stephen Paget alichukua kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, akahesabu saratani ilipokuwa imeota. Aliona inapenda baadhi ya viungo na kuviacha vingine vinavyopata damu vilevile. Akasema saratani ni kama mbegu, inakwenda kila upande, lakini inaota kwenye udongo unaoipokea. Watu wa Fizi hawahitaji kufundishwa hilo, kila mwenye shamba anajua muhogo hauoti juu ya jiwe. Na moyo ni kama jiwe. Ni msuli unaojikaza mchana na usiku, damu inapita kwa kasi, seli zake karibu hazizaliani. Uvimbe unaoanza ndani ya moyo wenyewe ni wa nadra sana. Mara nyingi zaidi, saratani ikikutwa moyoni imetoka kwingine, na pafu, kwa kuwa liko jirani, ni mojawapo ya vyanzo vikubwa.

Ila kilichompata baba mdogo hakikuwa hata mbegu. Kilikuwa kama mtambaazi wa boga. Shina liko pafuni, halikukatika, limeingiza mkono wake ndani ya mshipa na kuufuata kama mtambaazi unavyofuata uzio, mpaka ukachungulia ndani ya moyo. Haukuhitaji udongo wa moyo. Ulikuwa unakula nyumbani kwake pafuni na kunyoosha mkono kwa jirani. Ndiyo maana ulikuwa unachezacheza pale kwenye kioo. Na ndiyo maana hatari yake kubwa ni kukatika. Chumba cha juu cha kushoto kinamimina kwenye chumba cha chini cha kushoto, kile kinasukuma kwenye mshipa mkubwa wa mwili, na matawi ya kwanza makubwa ya ule mshipa yanapanda kwenda kichwani na mikononi. Kipande kikikatika pale, safari ya kufika kwenye ubongo ni ya sekunde chache. Wanapima wakubwa wa saratani siku hizi, uvimbe wa pafu ukishagusa moyo unawekwa kwenye daraja la juu kabisa la ukubwa, T4.

Kwa rafiki zetu wa mashirika mnaosoma gazeti hili: hayo maneno ya mtambaazi wa boga vijana waliyaelewa kwa dakika 5. Zile karatasi za rangi zenye neno metastasisi ziko bado kwenye sanduku.

Je, unaweza kukatwa? Hapa historia inakimbia, na nitakimbia nayo. Mwaka 1912 daktari Isaac Adler wa New York alikusanya habari zote za saratani ya pafu alizoweza kupata katika maandishi ya dunia, akapata wagonjwa 374 tu. Aliandika karibu kama mtu anayeomba radhi kwa kuwachosha watu na ugonjwa mdogo namna hiyo. Halafu sigara za viwandani zikaenea. Tarehe 5 Aprili 1933, mjini St. Louis, Marekani, Evarts Graham alitoa pafu lote la kushoto la mgonjwa wa saratani, mgonjwa akapona. Mgonjwa mwenyewe alikuwa daktari wa uzazi, James Gilmore, na inasimuliwa kwamba kabla ya upasuaji alikwenda nyumbani akarekebisha meno, na papo hapo akanunua mahali pa kuzikwa. Mtu wa kujipanga kwa pande zote mbili! Aliishi miaka 30 zaidi. Graham, aliyekuwa mvuta sigara, hakuamini kirahisi kwamba sigara ndizo zinazoua, mpaka mwaka 1950 yeye na kijana mmoja, Ernst Wynder, walipochapisha hesabu ya wagonjwa 684. Wynder alikuwa mtoto wa familia iliyokimbia Ujerumani ya Hitler, nalisema hilo tu kwa sababu sisi tunapenda kujua nani ni wetu. Graham akaacha sigara, akiwa amechelewa. Saratani ya pafu ilimuua mwaka 1957, na Gilmore mgonjwa wake alimzidi kuishi kwa miaka 6.

Kukata pafu ni jambo moja. Kufuata mshipa mpaka ndani ya mfuko wa moyo ni jambo jingine. Mwaka 1946 Philip Allison wa Uingereza alieleza namna ya kufungua ule mfuko na kuifunga mishipa ya pafu kutokea ndani, karibu kabisa na moyo, pale ambapo saratani haijafika. Kama saratani imeshaingia chumbani, inabidi kukata na kipande cha ukuta wa moyo. Tarehe 6 Mei 1953, Philadelphia, John Gibbon alitumia mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati daktari ameufungua moyo, akaziba tundu katika moyo wa msichana wa miaka 18, akapona. Gibbon alikuwa ameihangaikia mashine hiyo zaidi ya miaka 20. Tangu hapo imewezekana, kwa wagonjwa wachache waliochaguliwa vizuri, kutoa pafu, mshipa na kipande cha moyo kwa pamoja. Wengine waliishi miaka mingi. Wengi hawakupata hata nafasi ya kujaribu, kwa sababu saratani ilikuwa imeshatawanyika.

Kuhusu kile kioo nilichokiangalia mimi: mwaka huohuo wa 1953, mjini Lund, Sweden, daktari Inge Edler alitaka kuona moyo bila kuufungua. Alimpata mwanafizikia Hellmuth Hertz, Mjerumani aliyekuwa amekaa Marekani kama mateka wa vita. Hertz alikwenda kwenye kiwanda cha meli cha Malmö, akaazima chombo cha sauti kinachotumika kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Wakakiweka juu ya kifua cha mtu. Mwaka 1959 madaktari wa Ujerumani wakaandika kwamba kwa njia hiyo wameweza kugundua uvimbe ndani ya chumba cha juu cha kushoto. Kwa hiyo kile kilichotuonyesha ukweli wa baba mdogo ni mjukuu wa chombo cha mafundi meli.

Baba mdogo hakupasuliwa. Mashine ya namna ile iko mbali sana nasi kwa kila hesabu, ya kilomita na ya pesa, lakini daktari alitueleza pia kwamba hata kama ingekuwa jirani, saratani ilikuwa imeshafika kwenye ini. Tulirudi naye. Aliishi wiki 9. Mwisho mwisho alikuwa analala akiwa amekaa, mgongo kwenye magunia, na mkono wa kushoto uliobaki mzima alikuwa anautumia kunichorea hewani vitu alivyoshindwa kusema.

Nilimchorea na mimi. Nilichora kwa mkaa nyuma ya katoni ya msaada: pafu, mshipa, moyo, shingo, kichwa. Aliangalia muda mrefu. Halafu akanyoosha kidole kuelekea nyuma ya nyumba yetu, upande wa kwa Koko, akatikisa kichwa: hapana. Mke wake aliona. Vijana wawili waliokuwa wamekuja kumsalimia waliona pia.

Lakini Koko alikuwa ameshaondoka. Siku chache baada ya ile jioni ya fimbo alikuwa ameomba mwenyewe kuhamishiwa kanda nyingine, na safari hii jibu lilitoka haraka kuliko maombi mengine yote ninayoyajua. Kwenye matanga hakuja. Hakuna aliyemwalika, hata mimi.

Nilimkuta mwezi uliopita kwenye bomba la kanda yao, nilikuwa nimekwenda kuandikisha watoto wa mashindano. Alinisalimia yeye kwanza, akanipa pole ya msiba. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, baba yako mdogo alikuwa na nini hasa?" Niliokota kijiti, nikachuchumaa, nikamchorea kwenye udongo mbichi wa pale bombani. Pafu. Mshipa. Moyo. Alinisimamisha hapo, akaweka kidole chake juu ya ule mstari wa katikati.

"Kumbe ni huu mshipa."

"Ndiyo, Koko. Ni huo mshipa."

Ndoo yake ilikuwa imejaa na maji yanamwagika. Wale wa nyuma kwenye foleni walianza kupiga kelele, nikamtwika.